Sili za Gari la Mabibi Harusi

Jumapili, 3 Machi

Baba amesema hapana, na amelisema kwa kipande cha katoni.

Nilimwomba baada ya chai ya asubuhi. Nilimwambia mjukuu wake anaolewa mwisho wa mvua, tarehe 25 Mei, na ningependa ampeleke kwa gari lake, kama alivyowapeleka mabibi harusi wote wa ukoo huu: shangazi, binamu zangu, mke wa kaka, hata binti wa jirani ambaye hatuna naye undugu wowote. Alichukua fimbo, akafungua gereji, akainama kwa shida, akavuta katoni anayoitandika chini ya injini kila jioni anapoliwasha ili betri isife. Katikati kulikuwa na madoa meusi mapana kama sahani za vikombe, oili bado inang'aa juu yake.

"Linavuja," alisema. "Bibi harusi hapandi gari linalovuja. Nguo nyeupe."

"Injini iko mbele, Baba. Bibi harusi anakaa nyuma."

"Wewe andika magazeti. Magari niachie mimi."

Neno hilohilo aliniambia nilipoolewa mimi. Linavuja. Nikaenda kuolewa kwa teksi, na dereva wake alisimama njiani kununua sigara. Tangu siku hiyo Baba hajamtaja mume wangu kwa jina. Alimwita "yule", na mume wangu alipofariki aliuliza, "Yule anazikwa lini?" Kosa la marehemu lilikuwa kupiga gitaa kwenye baa. Kwa Baba, mwanangu ni "binti wa yule".

Naishi hapa kwake tangu alipoanguka bafuni mwaka jana. Nampikia, ananidharau, tunalala. Lakini leo amenipa kitu ambacho mtu mwenye akili hampi adui yake: sababu. Sababu hubomolewa. Hiyo ndiyo kazi yangu gazetini kila wiki, na wapo mawaziri wanaoijua. Nitaliziba hilo gari, halafu nione atasimama wapi.

Jumanne, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Katoni mpya, madoa yaleyale.

Jumamosi, 9 Machi

Fundi amekuja. Mtaani wanamwita Redio, na ukikaa naye kidogo utajua kwa nini. Aliingia chini ya gari akiwa anaongea, akatoka akiwa bado anaongea.

"Dada yangu, hapa hakuna ugonjwa wa ajabu. Kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, una sili mbili, ya mbele na ya nyuma. Sili ni pete tu. Inaubana mhimili pale unapotokea nje ili oili ibaki ndani. Hizi zimechoka. Gari ni la zamani. Hata wewe ukizeeka utavuja."

"Baba anakusikia."

"Mzee havuji. Mzee anakauka."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Mimi nimeandika makala zilizochekesha nchi nzima, na sijawahi kumchekesha huyu mtu hata mara moja.

Sili ya mbele ni kazi ya asubuhi moja. Ya nyuma haifikiwi mpaka giaboksi ishushwe. Nilimwambia Redio ashushe chochote anachotaka kushusha.

Jumatatu, 11 Machi

Duka la vipuri vya magari ya zamani liko nyuma ya soko, unashuka ngazi tatu kama unaingia kisimani. Mwenye duka huvaa koti jeupe. Watu wanamwita Daktari, naye anaitika bila aibu. Alitandika kitambaa cha buluu juu ya kaunta, akapanga sili jozi mbili kana kwamba anauza pete za uchumba.

"Bibi, hii ni ngozi. Imetengenezwa na waliotengeneza gari lako, na haijatoka kwenye boksi lake tangu siku hiyo. Hii ni mpira, ya juzijuzi, ina springi ndani ya mdomo wake. Moja ina heshima, nyingine ina nguvu."

"Ipi haivuji?"

"Inategemea unaogopa nini. Ukiogopa oili, chukua mpira. Ukiogopa watu watakaokuja kulikagua gari, chukua ngozi."

Namjua Baba. Nikitia mpira atasema gari si lile tena. Atasema nimemwekea bibi kizee meno ya plastiki. Nimechukua ngozi. Nataka atakaposhindwa asiwe na pa kushika.

Ijumaa, 15 Machi

Ngozi iliyokaa miaka mingi boksini ni ngumu kama kisigino. Daktari aliniagiza niiloweke kwenye oili ya uvuguvugu mpaka ilegee. Niko jikoni nageuza sili ndani ya sufuria, Baba akaingia akachungulia.

"Leo tunakula nini?"

"Sili."

"Afadhali. Jana ulipika kitu kigumu zaidi."

Jumamosi, 16 Machi

Giaboksi chini, sili zimeingia, giaboksi juu. Redio alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, kuanzia bei ya saruji hadi ndoa ya dada yake. Baba alikaa mlangoni mwa gereji siku nzima na kisu chake, akichonga vigingi. Nyumba hii yote imeshikwa na vigingi vyake: dirisha la jikoni, mlango wa choo, mguu wa meza ya kulia. Hakutoa ushauri hata mmoja. Nilidhani ni heshima.

Jumapili, 17 Machi

Aliniamsha yeye. Alisimama mlangoni mwa chumba changu ameikunjua katoni kwa mikono miwili, kama mtu anayesoma gazeti.

"Bibi Gazeti, habari za leo hizi hapa. Ukurasa wa mbele."

Madoa yalikuwa makubwa kuliko ya jana.

Jumanne, 2 Aprili

Mvua haikati. Nguo hazikauki, gazeti linafika limelowa, na Baba kila asubuhi ananisomea katoni. Mara "toleo maalumu". Mara "habari za kimataifa", doa likifika kona.

Nimerudi kwa Daktari. Safari hii alikuja mwenyewe na kipimo chake cha taya, akapima mhimili, akapima tundu, akaandika kwenye kiganja, akanichagulia mpira. Alisema anaweka heshima yake juu ya sili zile. Nimemwambia nitaikumbuka kauli hiyo.

Jumapili, 7 Aprili

Redio alizifunga jana. Leo katoni imelowa mpaka imelegea, ilikatika mikononi mwa Baba alipoinyanyua. Alicheka tu, taratibu, meno machache yote nje, akaenda kunywa chai.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeandika safu ya wiki. Nimeiandika kwa pumzi moja na sijabadilisha hata koma:

"Katika mji huu yupo mtu aliyevaa koti la daktari anayeuza mpira uliokufa. Shuka ngazi tatu nyuma ya soko utamkuta. Leo gari linamwaga oili, kesho litamwaga breki, na keshokutwa tutakusanyika makaburini tukiambiana kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mungu hauzi vipuri."

Sikumtaja jina. Nchi yetu ina sheria, na mimi ninazisoma.

Alhamisi, 11 Aprili

Mhariri amepiga simu. Hakuna safu iliyosomwa kama hii mwaka huu.

Jumapili, 14 Aprili

Daktari amekuja nyumbani, katika mvua, bila koti lake jeupe. Sikumtambua mara moja. Bila koti ni mwanamume mfupi tu mwenye kipara. Sikumkaribisha barazani. Baba alikuwa amekaa pale na blanketi magotini, anatazama.

"Bibi," alisema, "nitajie kosa la sili zangu."

"Zinavuja."

"Umezitoa ukaziona? Mdomo umechanika? Springi imeruka?"

"Nikiona damu sakafuni sihitaji kuonyeshwa kidonda."

"Mimi nimepima kwa mkono wangu. Zile haziwezi kuvuja. Labda kuna kitu kingine kwenye injini."

"Kila muuza uongo ana kitu kingine."

Maji yalikuwa yanamtiririka usoni na hakujifuta. "Wateja wanasimama mlangoni wanacheka. Mtoto mmoja ameandika ukutani kwangu, 'Mungu hauzi vipuri'. Mke wangu amekisoma kile ulichoandika kwa sauti, mbele ya mama yake."

"Basi una bahati," nilisema. "Mimi nyumbani kwangu hakuna anayenisoma."

Alisimama pale kidogo zaidi, kana kwamba ameahidiwa jibu jingine. Halafu akaondoka, akichagua mahali pa kukanyaga kati ya madimbwi.

Baba alisubiri lango lifungwe. "Leo," alisema, "umefanana na mimi."

Ni sifa ya kwanza aliyowahi kunipa. Nitaandika ukweli kwa sababu hapa sina mhariri: nimekula vizuri, na sasa ninakwenda kulala vizuri.

Jumamosi, 20 Aprili

Mwanangu amekuja kuonyesha kitambaa cha gauni. Hakukionyesha kwa muda mrefu, kwa sababu mimi nilikuwa namweleza habari za sili. Alinisikiliza kwa uso wa kazini. Ni muuguzi, amezoea watu wanaorudiarudia.

"Mama, rafiki yangu ana gari. Halivuji. Lina hata feni ya baridi."

"Utapelekwa na babu yako."

"Mimi sijaomba kupelekwa na Babu. Babu hata hanijui siku yangu ya kuzaliwa. Mwaka jana aliniuliza kama mimi ndiye yule wa benki."

"Ndiyo maana utapelekwa naye. Ili akujue."

"Mama," alisema, na alikuwa anakunja kile kitambaa polepole sana, "harusi ni ya nani?"

Nikamwambia asinifundishe adabu mimi niliyemzaa. Alikiweka kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki, akamwamkia babu yake barazani, akaondoka bila kunywa chai.

Alhamisi, 25 Aprili

Nimepita nyuma ya soko. Duka limefungwa.

Jumapili, 28 Aprili

Kama ningekuwa mtu wa kuamini miujiza ningesema leo nimepewa mmoja. Siamini, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea.

Baba alikuwa amepelekwa na kaka hospitali kutibiwa mguu. Niliwasha gari peke yangu, nikainua boneti, nikataka kuongeza oili injini ikiwa inanguruma. Nilipolegeza kifuniko cha oili kiliruka. Kiliruka kweli, kikagonga boneti, na moshi wa moto ukanipuliza uso kama birika lililozibwa mdomo. Nimeungua kidole. Nilizima, nikakaa juu ya kiti cha Baba cha kuchongea vigingi, nikafikiri.

Kitu kinachopuliza namna ile kimenyimwa pa kutolea pumzi. Injini hupumua. Nilijua hilo kama ninavyojua mambo mengi, kwa kulisoma mahali bila kulihitaji. Mahali fulani lazima kuwe na bomba la kutolea ile pumzi, na likizibwa, pumzi itatafuta njia nyingine. Itaisukuma oili kupitia sili yoyote utakayoweka, iwe ya ngozi, ya mpira au ya dhahabu.

Nikalala chini kwenye katoni. Bomba liko ubavuni mwa injini, linashuka mpaka chini, mdomo wake umeelekea ardhini, unaweza kuufikia ukiwa umelala chali. Ndani ya mdomo kulikuwa na kigingi.

Kigingi kizuri. Kimechongwa kwa mikato mifupi, kichwa kimeviringwa, kimefungwa kitambaa chembamba ili kikae vizuri. Mbao yake bado nyeupe. Nimekaa na vigingi hivyo maisha yangu yote; ningekitambua gizani.

Nilicheka. Halafu sikucheka tena. Ameniangalia nikichemsha ngozi. Ameniangalia nikilipia giaboksi kushushwa mara mbili, akaona mtu amelowa mvua mbele ya baraza lake anaomba atajiwe kosa lake, na kisu kikiwa mfukoni mwake. Miaka themanini na moja, hawezi kuvaa soksi bila kusaidiwa, na amejiburura chini ya gari ili binti wa yule asipelekwe na gari lake.

Nimekitoa. Nimelitembeza gari mpaka barabara kuu na kurudi, nimetandika katoni mpya. Sitamwambia neno.

Jumatatu, 29 Aprili

Katoni kavu. Safi kama sahani. Baba aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza upande wa pili kuona kama sijamdanganya. Aliniangalia. Nikamwangalia. Nikamuuliza kama anataka uji.

Jumanne, 30 Aprili

Kavu. Redio amekuja kuchukua spana zake, nikamwonyesha kigingi. Yeye pia hakuliangalia lile bomba mara zote mbili. Alikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kisha akasema, "Dada yangu, huyu mzee ni fundi kuliko sisi wote," akaenda zake akitikisa kichwa.

Kwa hiyo sili za Daktari zilikuwa nzima. Nimeanza aya ya kusahihisha. Imekuja dhaifu, imechoka, haina hata sentensi moja mtu angeikata kwa mkasi akaibandika ukutani. Ile ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Nitaiandika baada ya harusi, kichwa kikitulia.

Jumapili, 5 Mei

Kaka amekuja kula. Kaka ni hakimu, na anakula kama anaandika hukumu. Nimengoja mpaka amalize, nikasema mbele yake, "Baba, katoni ni kavu wiki nzima."

"Nimeona."

"Kwa hiyo utampeleka."

Baba alipangusa midomo. Alijua ninajua, na alijua sitasema mbele ya kaka, kwa sababu nikisema nitamfanya mzee mgonjwa, na mzee mgonjwa husamehewa. Mimi sikutaka asamehewe. Nilitaka ashindwe.

"Ikiwa kavu mpaka siku yenyewe," alisema, "nitampeleka."

"Umesikia, Kaka?"

"Mimi ni hakimu," kaka alisema. "Msinifanye shahidi. Kuna chai?"

Jumapili, 12 Mei

Kavu. Mvua kubwa, ukuta wa jirani umeanguka.

Jumamosi, 18 Mei

Kavu. Baba anachonga.

Jumatatu, 20 Mei

Nataka kuyaandika haya kwa utaratibu.

Asubuhi, mvua ikinyesha, niko dirishani jikoni na kikombe cha chai. Nilimwona Baba akivuka ua bila fimbo, ameshika ukuta. Aliingia gereji. Mlango wake haufungi vizuri, na kutoka jikoni unaona upande wa mbele wa gari mpaka chini. Alipiga goti moja, akapumzika. Akapiga la pili. Akalala ubavu, akageuka chali, akaanza kujisukuma kwa visigino mpaka nusu yake ikapotea chini ya injini.

Sikutoka. Nilitaka amalize. Niliona mkono ukiinuka, ukihangaika, ukitulia. Kisha visigino vikaanza kusukuma upande wa pili, vikateleza. Vikasukuma, vikateleza. Baada ya hapo havikusukuma tena.

Alianza kuita. Alimwita kaka, ambaye yuko mahakamani upande wa pili wa mji. Akamwita jirani. Akamwita kaka tena. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake, anajua niko jikoni, ameisikia redio ninayosikiliza. Hakuniita mimi.

Nikamimina chai nyingine, nikainywa yote.

Nilipofika, maji ya uani yalikuwa yameanza kupita chini ya mlango. Nilichuchumaa karibu na gurudumu.

"Baba, unatafuta nini huko?"

"Mwite kaka yako."

"Kaka yuko kazini. Nipo mimi."

Maji yalifika ukingo wa katoni, yakaanza kuilowesha.

"Nivute," alisema.

"Kitoe kwanza."

Nikasikia mbao ikikwaruza chuma. Kigingi kilidondoka karibu na sikio lake.

"Nivute sasa."

"Sema utampeleka."

"Nilishasema."

"Ulisema ikiwa kavu. Sasa sema bila ikiwa."

"Nina baridi."

"Ninaona."

Ubavu wa shati lake ulikuwa umebadilika rangi. Sikuwa na hasira, hilo ndilo nataka kuliandika. Nilikuwa mtulivu kama ninapofika aya ya mwisho na najua itakavyoisha.

"Nitampeleka," alisema.

"Nani?"

"Mjukuu."

"Binti wa nani?"

Nikangoja. Mvua iliongezeka juu ya bati mpaka ikabidi niinue sauti. "Binti wa nani, Baba?"

Akalitaja jina la mume wangu. Akalitaja lote, na la baba yake, kama linavyoandikwa kwenye cheti. Kumbe alikuwa analijua siku zote.

Nikamshika vifundo vya miguu nikamvuta nje juu ya katoni, kama mzigo. Nilimwogesha kwa maji ya moto, nikambadilisha nguo. Hakunitazama hata mara moja. Mimi nilikuwa ninaimba.

Jumatano, 22 Mei

Baba amemwambia kaka. Kaka amemwambia mwanangu. Amekuja moja kwa moja kutoka zamu, bado ana viatu vya wodini.

"Ni kweli ulimwacha chini?"

"Alikuwa anaziba bomba. Ndiye aliyekuwa anaziba tangu mwanzo, mwanangu. Duka la yule mtu limefungwa kwa sababu..."

"Nimeuliza ulimwacha?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Kikombe cha chai."

Alitikisa kichwa kama anavyofanya, nadhani, mtu akimwambia tangu lini ana homa. "Wazee wa umri ule tunawapokea wodini," alisema. "Wamekaa kwenye maji kidogo tu. Kifua kinajaa, siku ya tatu wanakwenda. Na ndugu zao wote wanasema walikuwa jikoni."

"Amelitaja jina la baba yako."

"Baba yangu hakuhitaji kutajwa na mtu aliyelala kwenye maji." Hakupandisha sauti. "Sipandi lile gari, Mama. Ukitaka lipandwe, panda wewe."

Ijumaa, 24 Mei

Kavu.

Jumapili, 26 Mei

Jana imekwisha. Naandika leo kwa sababu jana sikuweza.

Baba alitoka saa tatu asubuhi amevaa suti yake ya kijivu na kofia ya kuendeshea. Hakupata homa, hakupata kifua. Ameneneshwa na hasira. Alikuwa amelipangusa gari mwenyewe, na kaka, aliyepita mapema, alimsaidia kulisogeza mpaka langoni kabla ya kutangulia ukumbini. Mvua ilikuwa nyepesi.

"Bibi harusi yuko wapi?"

"Anakwenda na gari la rafiki yake."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Nilidhani atacheka. Alizunguka gari, akafungua mlango wa nyuma, akasimama kando yake wima kama anavyosimama kwenye picha zote za ukutani.

"Nilisema nitapeleka," alisema. "Panda."

Nikapanda. Sijawahi kukaa pale katika maisha yangu. Kiti ni cha ngozi nyekundu, na milango ya nyuma haina vishikio kwa ndani. Alivitoa zamani, ili bibi harusi asijifungulie mwenyewe. Angoje afunguliwe, atoke mbele za watu kama inavyostahili. Alinifungia, akaenda usukani.

Tulikwenda polepole. Watu wakiliona gari lile wanajua kuna bibi harusi, wanasogea ukingoni wanachungulia kioo. Walichungulia wakaniona mimi, mwanamke wa miaka hamsini na tatu mwenye kitambaa cha kahawia, na nyuso zao zikajifunga. Mmoja alimwambia mwenzake kitu wakaangua kicheko.

"Baba," nilisema, "mwaka nilioolewa. Lilikuwa linavuja kweli?"

Alibadilisha gia. Alisubiri mpaka tupite njia panda.

"Hata tone," alisema. "Nilitaka uje kunibembeleza. Nilikuwa nimeshavaa. Nilikaa humu ndani na suti mpaka mchana, nikisema atakuja. Wewe ukapanda teksi."

Nilijua hata wakati ule kwamba ilitosha kumgusa bega. Alikuwa karibu. Bega lilikuwa pale.

"Ungesema," nilisema.

"Na wewe ungeomba."

Tulipofika ukumbini wote walikuwa kwenye ngazi wanaingia. Mwanangu alituona. Alishuka na gauni lake lote mpaka garini, ameshika pindo lisiguse matope, akaenda dirisha la dereva.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umependeza."

Akamfungulia mlango, akampa mkono, na Baba akatoka kwa kumwegemea. Alisimama akainyoosha suti. Wakapanda ngazi pamoja, polepole, ngazi moja kwa wakati, na watu wakapiga vigelegele, maana hakuna aliyetegemea kumwona mzee akimwingiza mwenyewe.

Hakurudi kunifungulia. Sijui kama alisahau. Nimemjua mtu huyu maisha yangu yote, na sijawahi kumwona akisahau mlango.

Kioo cha mlango wa nyuma kinashuka. Ningekishusha, nikatoa mkono, nikafungua kwa nje. Isingenichukua muda wa kuvuta pumzi. Ningeweza pia kupanda mbele juu ya viti. Nilikaa wima, mkoba magotini, nikitazama ule mlango wa ukumbi. Nilijua mmoja wao atageuka. Atahesabu watu, ataona kiti cha mama wa bibi harusi kiko wazi, atasema, jamani, mama yuko wapi. Walianza kuimba. Wakanyamaza. Nikasikia sauti ya kiume ikiuliza swali refu, na sauti ya mwanangu ikijibu neno moja, na mvua ikaongezeka nisisikie kingine.

Alikuja kaka, ndoa ikiwa imekwisha kufungwa, kuchukua mwavuli wake aliousahau kiti cha mbele.